Nusu ya Kushoto ya Nchi

Mimi hutapika garini. Ninaiandika sentensi hiyo sasa, nikiwa nimestaafu na keki ya kuniaga imeshaliwa, kwa sababu muda wote niliofanya kazi niliikana. Niliikana mbele ya mhariri wangu, mbele ya wasomaji walioniandikia barua, mbele ya daktari mmoja wa Buruburu na mbele ya shangazi yangu wa damu. Kwa mtu wa kazi nyingine lingekuwa jambo dogo. Kazi yangu mimi ilikuwa kuzunguka nchi nzima kwa gari nikiandika kitabu cha mwongozo wa miji midogo na maeneo ya kihistoria. Ni sawa na mpishi asiyestahimili harufu ya vitunguu.

Nyinyi mnaobaki ofisini mmeniomba niandike kidogo kuhusu kazi ilivyokuwa zamani. Najua mlitarajia busara. Nitawapa nilicho nacho.

Nilikulia Makongeni, Nairobi, katika nyumba za reli, na hapo ndipo nilipodanganyika kuhusu tumbo langu. Baba alikuwa mfanyakazi wa reli, kwa hivyo kila Desemba tulikwenda magharibi, kwao Shirembo, kwa treni. Treni hainidhuru. Nilikula mayai ya kuchemsha, nikalala, nikaamka nimefika. Eastlands kwenyewe, huo upande wetu wa mashariki ya jiji, ni tambarare, na Jogoo Road imenyooka kama rula. Nikamaliza shule, nikamaliza chuo kikuu na digrii ya jiografia, pasipo kujua kwamba barabara ikipinda mara tatu, tumbo langu hupinda nayo.

Aliyeniajiri alikuwa Bwana Ogutu, mhariri mkuu, mtu mwembamba aliyevaa sweta hata mwezi wa Februari. Aliniuliza ninakaa wapi. Nikamwambia nimepanga chumba mtaa wa Umoja.

"Basi barabara mbovu huziogopi," akasema, na mahojiano yakaishia hapo.

Alikuwa na sharti moja, na alilisema kila mara kabla gari halijaondoka. "Niletee ulichokiona kwa macho yako. Usiniletee ulichosikia wala ulichosoma. Na neno 'kuvutia' uliache kwenu Umoja." Yeye mwenyewe hakusafiri. Alisema mhariri anayesafiri huanza kuwahurumia waandishi.

Dereva wangu alikuwa Mzee Mutua, na safari yetu ya kwanza ilikuwa ya kwenda Bonde la Ufa. Tulitoka Nairobi nikiwa na kalamu mpya na kitambaa kichwani, nikijiona mtafiti. Tulipoanza kuteremka kuelekea Mai Mahiu, nikahisi mate yakinijaa mdomoni.

"Simamisha, mzee."

"Hapa hapasimamiwi, madam. Kuna lori nyuma."

Nilifungua dirisha. Sitaeleza zaidi, ila tulipofika chini kwenye lile kanisa dogo lililojengwa na wafungwa wa vita wa Kiitaliano, nililitazama kupitia machozi, nikiwa nimeegemea mti kwa umbali wa heshima. Maelezo niliyoyaandika baadaye yanasema kanisa hilo "humfanya msafiri anyamaze." Ni kweli. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa siwezi kusema.

Mzee Mutua aliusafisha mlango kwa maji ya mtungi bila haraka. "Nimewahi kupeleka mbuzi machinjioni Kiamaiko na gari la binamu yangu," akasema. "Walikuwa na adabu zaidi."

"Ni yale mandazi ya asubuhi."

"Ndiyo, madam. Mandazi."

Tangu siku hiyo tukawa na mapatano ambayo hatukuwahi kuyatamka. Bwana Ogutu alipouliza kwa nini tunachelewa, Mzee Mutua alisema tairi. Gari letu likasifika ofisini kwa kutoboka. Lilibadilishiwa tairi mara nyingi kuliko gari lolote pale, na yale ya zamani, ambayo hayakuwa na kasoro, sijui yalikwenda wapi. Sikuuliza. Tulikuwa tunastiriana.

Vifaa vya kazi yangu, basi, kwa anayetaka kujua. Tangawizi mbichi ya kutafuna. Limau la kunusa, si la kunywa. Mifuko ya karatasi, ile ya unga, kwa sababu ya plastiki huvuja kwenye kona. Na kinasa sauti kidogo cha kaseti, maana sikuweza kuinamia daftari gari likienda. Nilikishika karibu na mdomo nikieleza ninachokiona: soko, kituo cha polisi cha mabati ya kijani, msikiti wenye mnara mmoja. Ofisini kaseti zilichapwa na Bi Zipora, mwanamke makini kupita kiasi, aliyechapa kila sauti aliyoisikia. Siku moja alikuja mezani kwangu na vifaa vyake vya masikioni vikiwa bado shingoni.

"Hapa baada ya 'daraja la zamani' kuna kishindo cha maji. Ni nini?"

"Maporomoko," nikasema.

Akayachapa. Yakapita kwa mhariri, yakapita kwa msahihishaji, yakatoka kitabuni: maporomoko madogo ya maji karibu na daraja, katika sehemu ya nchi ambako hata kisima ni habari. Kwa miaka mingi nilipokea barua za walimu waliopeleka wanafunzi kuyatafuta. Niliwajibu kwamba ni ya msimu.

Mnaona basi jinsi nilivyofanya kazi. Nilikaa mbele, kushoto, kichwa kikiwa nje ya dirisha kama ndama anayepelekwa sokoni. Kutoka hapo niliona vizuri sana kilichokuwa upande wa kushoto. Mijini tulisimama kushoto pia, kwa sababu Mzee Mutua hakupenda kukatiza mbele ya malori, na miji yetu midogo, kama mnavyojua, ni safu mbili za maduka na malori katikati. Nilishuka, nikanywa chai ya rangi, nikaongea na watu wa safu yetu. Safu ya pili niliikusudia kila mara. Wakati wa kurudi Nairobi, ambapo kulia kungekuwa kushoto, nilikuwa nimemeza vidonge vya kuzuia kichefuchefu, na vidonge vile viliniangusha usingizi kama gogo hadi Uthiru, mlangoni mwa Nairobi.

Bwana Ogutu alitaka nilichokiona kwa macho yangu. Nilimtii kikamilifu. Sikumwambia tu kwamba macho yangu yalikuwa na upande.

Kitabu kikatoka, kikapendwa. Kiliingia maktaba za shule na ofisi za wilaya. Wilaya zilipogeuka kaunti, tulikiandika upya bila kwenda popote: tuliketi na mkasi na gundi, tukahamisha miji kutoka sura moja hadi nyingine, tukiomba Mungu asiwepo mtu wa mpakani atakayefungua ukurasa wake. Walikuwepo. Barua nyingine, hata hivyo, zilihusu jambo jingine. Mbona mmeandika kanisa la upande huu na hamkuandika kaburi la mwanzilishi wa mji, ng'ambo tu ya barabara? Mbona mnara wa saa haupo? Niliwajibu kwa adabu kuhusu uhaba wa kurasa. Kwa kweli niliamini jibu langu. Ukikana jambo kwa muda mrefu, hufika mahali ukalisahau.

Aliyelifumania ni Wanjiku, mwenzenu, mwaka wangu wa mwisho kazini. Mnamfahamu, aliletwa kukiweka kitabu kwenye ramani ya kompyuta, kila mahali na kidoti chake chekundu. Ni msichana wa mtaa wa Mowlem, na Mowlem hawakuonei haya.

"Mathe, kuja uone kitu."

Nikaenda. Kwenye kioo kulikuwa na Kenya nzima na barabara zake, na vidoti vyangu vyote vya miji midogo vilikuwa vimelala upande mmoja wa barabara.

"Hii nchi umeichana kama nywele," akasema. "Zote side moja. Ama huku kwingine hakunanga watu?"

Nilimweleza kuhusu udongo. Nilisema wakoloni walipendelea kujenga upande wenye mawe magumu. Nikataja volkano. Nina digrii ya jiografia, na sijawahi kuitumia kwa bidii kama siku ile.

Wanjiku alinisikiliza mpaka mwisho. "Sawa, mathe. Lakini ukitoka Nairobi ni left. Ukienda Kisumu ni left, ukienda Meru ni left. Hiyo volkano ilikuwa inatokea tao, hapa Nairobi?"

Nikamwambia nina mkutano.

Wiki hiyo hiyo shangazi yangu akanipigia simu kutoka Shirembo. Senge Rasoa, dada ya baba (senge kwetu ni shangazi), ana duka la vitunguu na dagaa wa omena kando ya barabara kuu. Hana mazoea ya salamu ndefu.

"Wamekuja watu wa barabara," akasema. "Wataipanua. Wamepaka X nyekundu kwa mahabusu."

Ni lazima niwaeleze mahabusu ya Shirembo, kwa sababu hamwezi kuisoma kitabuni. Ni chumba kimoja cha mawe, chenye dirisha la ukubwa wa mkate na pete ya chuma ukutani, kilichojengwa zama za ukoloni kuwafungia waliokataa kulipa kodi ya kibanda. Babu yangu, baba yake Senge, alifungiwa humo. Alitoka akiwa haongei sana, na jambo alilopenda kusema kuhusu mle ndani ni kwamba palikuwa pakavu. Ndiyo maana Senge huhifadhi vitunguu vyake humo hadi leo. Nilipokuwa mdogo, kila Desemba tulisimamishwa mbele ya mlango ule tukaambiwa tukae kimya kidogo, kisha tukapewa miwa.

Kwa mtu anayetoka Nairobi, mahabusu iko kulia.

Nilipopitia Shirembo kikazi nilifika nikiwa nimekwisha. Senge alinilaza chumba cha nyuma cha duka lake, upande wa kushoto, akaweka ndoo karibu, akasema ni malaria. Nikakubali kwamba ni malaria. Akaninywesha dawa za malaria, ambazo kwa tumbo langu siku ile zilikuwa kama kumwagia moto mafuta. Jioni nikabebwa hadi garini. Aya yangu ya Shirembo inasema: kituo cha mafuta, kanisa la matofali, wenyeji wakarimu. Kitabu kilipotoka Senge alisomewa aya hiyo, akaniuliza kwa nini kituo cha mafuta kimo na babu yangu hayumo. Nikamwambia mhariri alikata. Bwana Ogutu alikuwa ameshastaafu na kurudi kwao Ugenya na hakuweza kujitetea.

"Wanasema hakuna shida kubomoa," Senge akaendelea kwenye simu. "Injinia ana kitabu chako. Anasema amekisoma, upande wa kulia hakuna kitu cha zamani, kwa hivyo barabara itapanukia huko. Kutakuwa na kikao cha wananchi kutoa maoni. Wewe ndiye uliandika. Njoo useme mhariri alikata."

Mkononi nilikuwa na kikombe cha chai, na nakumbuka nilikiweka chini polepole sana, kama kwamba kikombe ndicho kilichokuwa hatarini.

Sikuwa na mhariri wa kusingizia. Muswada wangu wa kwanza umo kwenye kabati la ofisi, na ndani yake hakuna neno mahabusu. Injinia angeuomba auone, na angekuwa na haki. Njia iliyobaki ilikuwa kusimama mbele ya watu wa kwetu na kueleza kwa nini mwandishi wa kitabu cha nchi nzima hakuvuka barabara.

Nilisafiri kwa basi. Mzee Mutua alistaafu kabla yangu, na treni ya kufika kwetu haipo tena. Sitasimulia kona za Nandi. Nilifika Shirembo rangi ya uji, nikaketi kwenye kiti cha plastiki ndani ya kanisa la matofali, lile nililoliandika, maana ndimo kikao kilimofanyika.

Injinia alikuwa kijana mwenye heshima, na hilo lilinikera, kwa sababu nilikuja nimejitayarisha kumchukia. Kitabu changu alikuwa nacho kweli, kimejaa vikaratasi vya manjano. Alisema wamezingatia sauti za wananchi pamoja na maandishi yaliyopo. Upande wa kushoto, maandishi yanataja majengo kadhaa. Upande wa kulia hayataji lolote. Kibanda cha mawe kilichopo hutumika kama ghala la vitunguu.

Watu wakageuka kunitazama. Senge alikuwa mstari wa mbele na kitambaa chake cha Jumapili. Nikasimama.

"Mimi ndiye mwandishi," nikasema. "Hicho kitabu kisikuongoze kuhusu upande wa kulia. Sikuuona."

"Hukuuona hapa Shirembo?" injinia akauliza.

"Sikuuona popote. Mimi hutapika garini. Nilikuwa nikitazama dirisha la kushoto ili nipate hewa, na tukisimama sikuvuka. Kurudi nilikuwa nimelala. Hicho ni kitabu cha nusu ya nchi."

Kisha mzee mmoja wa nyuma, aliyewahi kuwa mwalimu kule kwenye ukame, akainua fimbo yake apewe nafasi. "Mimi nimewafundisha watoto kwa hicho kitabu," akasema. "Niliwapeleka mpaka kule kwa maporomoko. Tulitembea siku nzima."

"Mwalimu, naomba msamaha. Yale maporomoko ni mimi."

Ilichukua muda kumfikia. Ilipomfikia, aliketi chini akifuta macho kwa kofia yake, na kicheko kikaenda mstari kwa mstari hadi kwa mchungaji. Nimewahi kusifiwa kwa kazi yangu mara kadhaa, katika hoteli zenye vitambaa vyeupe mezani. Sikuwahi kusikilizwa vile.

Senge hakucheka. Alisubiri watu watulie, akasema bila kugeuka, "Kwa hivyo haikuwa malaria."

"Hapana, Senge."

"Na mhariri hakukata."

"Hapana, Senge. Mimi ndiye sikuvuka."

Akatikisa kichwa, akamwambia injinia, "Haya, umesikia. Sasa wewe toka nje uvuke."

Tukatoka wote. Injinia aliingia mahabusu akiinamisha kichwa, akakaa humo muda mrefu kuliko nilivyotarajia, katikati ya magunia. Senge alisimama mlangoni akimweleza pete ilikuwa ya nini, na babu alilala kichwa kikielekea wapi. Mimi nilisimama nje kwenye jua, nikiitazama Shirembo kutoka upande nisiowahi kuuandika. Kutoka huko duka la Senge linaonekana vizuri sana: ukuta wa samawati, baraza yenye mzani, na barabara ikipita karibu kabisa na ngazi. Niliona jinsi lilivyo karibu. Nilichoka mno kuendelea na wazo hilo.

Injinia alitoka akiwa na maganda ya vitunguu mabegani. Alisema atapeleka taarifa kwa wakubwa wake na hawezi kuahidi lolote.

Nikarudi Umoja. Tarehe yangu ya kustaafu ikafika. Mkanichinjia mbuzi, Wanjiku akatoa hotuba kwa Kiswahili ambacho nusu yake sikuielewa na nusu nyingine ilinisifu. Mkaniuliza kama nitafurahia kupumzika. Nikasema ndiyo. Kila simu ilipolia niliruka. Majirani walidhani nina mchumba.

Kisha Jumatano moja, nikiwa nachagua maharagwe, Senge akapiga.

"Wamekuja tena na ile rangi yao," akasema.

"Wamefuta X ya mahabusu?"

"Wameifuta kwa tindikali fulani, inanuka mpaka sasa. Injinia mwenyewe amekuja. Amesema barabara itapindia huku kwingine, mahabusu haiguswi, na wataweka ukuta mdogo isigongwe na gari."

Niliyaacha maharagwe. Halafu lile wazo nililoliacha juani likarudi lenyewe.

"Senge, huku kwingine ni wapi?"

"Ni huku. Kwangu. X sasa iko kwa ukuta wa duka, karibu na mzani."

"Ulijua?"

"Barabara ina pande mbili tu, mwanangu. Wewe ndiye ulikuwa hujui." Nilisikia akimwambia mteja angoje, kisha sauti ya vitunguu vikimwagika kwenye sahani ya mzani. "Usianze kulia, nina watu hapa. Duka nitahamisha. Vitunguu havina historia."

Akakata simu.